Lile swali lako la kwenye simu

Mama Hawa wangu,

Salaam nyingi kwenu hapo Jinja, watoto wanaendeleaje? Sisi Mbale tuko salama, mvua tu ndo haituachi.

Juzi mtandao ulikata katikati na swali lako likabaki limenikaa moyoni. Uliuliza kama mdogo wangu wa kike kupewa ukasisi ndo kupandishwa cheo. Hata mimi nilidhani hivyo, si tunasema "daraja", kwanza la ushemasi kisha la ukasisi, ukisikia unaona kama vyeo vya jeshini. Lakini ile Jumapili nilikaa mbele kabisa. Alipiga magoti, askofu akamwekea mikono kichwani, makasisi wakasogea nao wakaweka yao, mikono mingi mpaka mtoto wa mama yangu simwoni tena, naona nyayo za viatu vyake tu, soli ya kushoto imeshaanza kutoboka. Nililia dada, wala sikujificha.

Neno linaloeleza vizuri ni wakfu, na hilo ni lenu nyie. Unakumbuka kile kiwanja babu yako alitoa kwa ajili ya msikiti, alipofariki wajomba wakataka kuuza kipande wakaambiwa haiwezekani, kimeshatoka mikononi mwa ukoo? Basi na sisi tukisema mtu amewekwa wakfu ni hivyohivyo. Waganda wanasema okwawula, yaani kutenga, na mchungaji wanamwita omwawule, aliyetengwa. Kusimikwa ni kitu kingine, hiyo ni askofu akikalishwa kwenye kiti cha dayosisi yake.

Na wanaokwambia mwanamke kuwa kasisi ni mambo ya juzi, waambie Askofu Festo Kivengere wa kanisa letu la Anglikana aliwapa wanawake ukasisi kule Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 1983, mimi na wewe hatujazaliwa. Ila kweli wanawake walisubiri sana, maana wanaume Waganda wa kwanza kupewa ushemasi na Askofu Tucker, yule Mwingereza, ilikuwa 1893, hesabu mwenyewe, miaka 90! Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ijayo anaenda kwenye parishi aliyopangiwa, mbali, barabara ya vumbi. Nilidhani mama atamwomba askofu amwache karibu, kumbe wapi, jana nimemkuta anamfungia mashuka mawili na ile sufuria yake kubwa, ile ambayo hata mimi nilipoolewa alininyima.

Mbusu Hawa kwa niaba yangu.

Wako,
Mama Timo