YAH: MALALAMIKO KUHUSU GLASI ZILIZOUZWA KWA MAELEZO YASIYO YA KWELI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua dazani ya glasi za kunywea katika duka lenu la Kariakoo, na nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD pamoja na picha za boksi na za glasi zilizovunjika. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba glasi hizo ni za kioo kilichoimarishwa kwa moto, kwamba zinahimili vinywaji vya moto na baridi, na kwamba zinaweza kupachikwa moja ndani ya nyingine. Kwa maelezo hayo niliziacha za bei nafuu zilizokuwa kwenye rafu hiyo hiyo, kwa sababu nyumbani kwetu glasi inayotumika mchana kwa maji ya friji ndiyo hiyo hiyo ya chai ya rangi jioni.

Glasi ya kwanza ilipasuka kitako mara tu chai ilipomiminwa, na ya pili ikafuata vivyo hivyo. Silalamikii kuvunjika peke yake, kwani hakuna kioo kisichovunjika. Ninacholalamikia ni jinsi zilivyovunjika. Kioo kilichoimarishwa hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa hewa, ili ngozi ya nje igande kwanza na baadaye ibanwe na sehemu ya ndani inaposinyaa. Mbano huo ndio unaokipa nguvu, na kinapovunjika huachia mara moja, kioo kikasambaratika kuwa punje ndogo zisizo na makali mengi. Glasi zenu zilitoa vipande virefu vyenye ncha, kimojawapo kikamkata mwanangu kidole, jambo ambalo ni dalili ya kioo cha kawaida kabisa. Zipo glasi zinazoimarishwa ukingo wa juu pekee. Ikiwa zenu ni za aina hiyo, boksi lilipaswa kusema hivyo.

Nilipozirudisha, mhudumu wenu alinijibu kwamba kitako chake ni kinene, kwa hiyo glasi ni imara na bila shaka nilizitumia vibaya. Unene husaidia glasi inapogongwa kwenye sinki, lakini mbele ya chai ya moto huwa ni udhaifu, kwa kuwa kioo hupitisha joto polepole: upande wa ndani hutanuka wakati upande wa nje ungali baridi, na kadiri kitako kinavyokuwa kinene ndivyo tofauti hiyo inavyozidi. Ndiyo maana vyombo vya maabara hutengenezwa kwa kioo chembamba cha borosilikati, ambacho hutanuka takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida. Mhudumu hakulazimika kuyajua hayo yote, ila hakupaswa kunilaumu bila hata kuitazama picha.

Kuhusu kupachika, glasi za namna hiyo kwa kawaida huwa na kingo ndogo inayoizuia ya juu isizame. Zenu hazina, na mbili zilinasana baada ya kuoshwa hata moja ikamegeka tulipozitenganisha. Mstari wa dhahabu nao umeanza kufifia kwa sabuni na sponji laini.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha za dazani nzima, wala si kubadilishiwa glasi nyingine za boksi lile lile, na mnionyeshe uthibitisho wa mtengenezaji kwamba kioo hicho kimeimarishwa. Kama uthibitisho huo haupo, naomba maboksi yaliyobaki yaondolewe rafuni mpaka maandishi yake yarekebishwe. Msinielekeze kwa mwagizaji, maana risiti niliyonayo ni ya kwenu.

Nitasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, na yasipopatikana nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani. Glasi zilizosalia nimezirudisha ndani ya boksi lake, na mnaweza kuzichukua siku yoyote ya kazi.

Wenu mtiifu,
Mteja