Barua kwa somo yangu: yale maneno ya Mayapur

Kolkata, India
Machi, wiki ya Holi, sikukuu ya rangi

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama, na kwa wote hapo Tanga. Mimi mzima, ila joto la huku limeanza mapema na chumba changu kina pangaboi moja lenye kelele kuliko upepo.

Ujumbe wako wa sauti juu ya ile video niliyokutumia kutoka Mayapur niliusikiliza ndani ya basi nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia. Unauliza, "Hao uliowarekodi wanaimba nini hicho hicho bila kuchoka, na wewe hapo umekwenda kufanya nini?" Najua la pili ndilo lililokufanya ushike simu. Tulia. Nimekuja kusomea nyuzi za juti, zile za magunia, na bado nasomea nyuzi za juti. Ila juti inalimwa Bengal, eneo hili la Kolkata, na ukikaa Bengal huwezi kuyakwepa maneno haya, kwa hiyo nikaona bora niulize nijue.

Yenyewe ni haya, yote, hakuna mengine:

Hare Krishna, Hare Krishna, Krishna Krishna, Hare Hare,
Hare Rama, Hare Rama, Rama Rama, Hare Hare.

Maneno 16, majina matatu. Krishna unamjua kwa sura: yule kijana wa buluu mwenye filimbi na unyoya wa tausi kichwani, kalenda za madukani zimejaa picha zake. Rama kwa Wahindu wengi ni mfalme wa Ayodhya, lakini Wavaishnava wa huku, yaani wafuasi wa Krishna, wanasema anayeitwa hapa ni Krishna huyo huyo, mwenye kumfurahisha kipenzi chake Radha. Hare ndiyo yenye mjadala. Wapo wanaosema anayeitwa ni Hari, jina la mungu Vishnu. Wabengali wanashikilia kwamba anayeitwa ni huyo Radha, kwa jina lake jingine la Hara. Ukihesabu kwa hesabu yao, maneno manane kati ya 16 ni ya kumwita mwanamke. Sikufichi, hilo lilinipendeza.

Halafu angalia kinachokosekana. Hakuna nipe, hakuna niponye, hakuna nifungulie riziki. Anaitwa tu, basi. Ukiwabana watakuambia lipo ombi moja limejificha humo, nalo ni kuruhusiwa kumtumikia. Zaidi ya hapo hakuna. Chaitanya, mtu aliyeyasambaza maneno haya Bengal, aliacha beti nane tu, na mmojawapo anasema hataki mali, hataki wafuasi, hataki wanawake wazuri, anataka mapenzi kwa Mungu yasiyo na sababu, kila azaliwapo upya. Mimi niliyezoea dua zenye orodha ndefu nilibaki kimya hapo. Tena ubeti mwingine analalamika: Mungu kaweka nguvu zake zote ndani ya majina yake, wala hakuweka masharti ya wakati wa kuyataja, na bado moyo wangu hauna hamu nayo. Walau ni mkweli.

Huyo Chaitanya alizaliwa Navadvip, mji wa huku Bengal, mwaka 1486, usiku wa mwezi mpevu ulioshikwa na kupatwa, watu wakiwa mtoni Ganga wanaoga na kutaja majina ya Mungu. Siku yenyewe inaangukiana na Holi, ndiyo maana nilikwenda Mayapur, ng'ambo ya mto kutoka Navadvip, wakati huu. Unapanda treni Sealdah mpaka Krishnanagar, halafu kibajaji, halafu mtumbwi wa injini. Watu wa Navadvip na wa Mayapur bado wanabishana ng'ambo ipi ya mto ndiyo hasa alikozaliwa. Mimi sikuingia ugomvi huo, nimekula pande zote mbili.

Sasa sikiliza kisa hiki, maana kinatuhusu. Zama hizo Bengal ilikuwa chini ya masultani wa Kiislamu, na Navadvip ilikuwa na kadhi. Wanasimulia kwamba watu walimlalamikia juu ya kelele za usiku, akaingia nyumba moja akavunja ngoma yao na kupiga marufuku uimbaji wa barabarani. Chaitanya hakuandika barua kwa mkubwa yeyote. Alikusanya mji mzima jioni, kila mtu na mwenge wake, wakaandamana wakiimba mpaka mlangoni kwa kadhi. Kadhi akajificha ndani. Alipotolewa, Chaitanya akamsalimu na kumwita mjomba, kwa kuwa kijijini kadhi alikuwa akihesabiana undugu na babu yake mzaa mama. Wakakaa chini wakazungumza, na mazungumzo yakaisha kwa kadhi kuahidi kwamba hata kizazi chake hakitauzuia wimbo ule.

Kaburi la kadhi huyo lipo mpaka leo, karibu na Mayapur, chini ya mti mkongwe. Nililikuta limezungukwa na Wahindu waliovua viatu, wanalizunguka na kugusa udongo wake. Mimi nikasimama pembeni nikamsomea Fatiha. Hakuna aliyenishangaa.

Na Haridas je? Huyu wanasema alizaliwa nyumba ya Kiislamu akashika kutaja jina la Krishna, mara laki tatu kwa siku. Mtawala akaamuru apigwe mijeledi katika masoko 22, aache. Alisema wamkate vipande vipande, jina halitoki mdomoni mwake, na huku anapigwa anawaombea wanaompiga. Alipofariki mjini Puri, Chaitanya mwenyewe alisaidia kumzika kando ya bahari. Sisi Waislamu hatutoki vizuri kwenye kisa hiki, somo, na mtu akinieleza kwa kunikebehi ningekasirika. Lakini aliyenieleza hakuwa akinikebehi.

Tuje kwenye utendaji wenyewe, kwani najua unataka kusikia wanafanyaje. Namna ya kwanza ni ya peke yako, wanaiita japa. Tasbihi yao ni ya mti wa tulsi, ile jamii ya mrehani, ina shanga 108 na moja kubwa ya kichwa. Kila ushanga unasoma maneno yote 16. Ukifika kwenye ushanga wa kichwa huuvuki, unageuza tasbihi na kurudi ulikotoka. Inakaa ndani ya mfuko wa kitambaa unaoning'inia shingoni, mkono wa kulia umezama humo, unahesabu kwa dole gumba na kidole cha kati. Kwenye mfuko kuna tundu la kutolea kidole cha pili. Hicho hakiruhusiwi kugusa shanga, kwa sababu ndicho cha kuonyeshea watu na kuwasuta. Kidole cha shahada, somo! Kile tunachokinyanyua kwenye tahiyatu ndicho wenzetu wanakiweka nje.

Kwenye mtumbwi nilikaa jirani na bibi mmoja mwenye mfuko kama huo, umechakaa mpaka rangi haijulikani. Midomo ilikuwa ikienda, sauti ndogo sana, na kidole kile kimechungulia nje kimenyooka. Kijana wa nauli alipofika, akalipa kwa mkono wa kushoto bila kukatisha, chenji akaikagua vizuri, akanung'unika kuwa pungufu, akaongezewa, akaendelea pale pale alipoishia. Baadaye alinionyesha shanga zake zimekuwa laini na nyeusi kwa mafuta ya vidole. Kunishikisha hakunishikisha.

Waliopewa jina na mwalimu katika jumuiya ya Hare Krishna huahidi mizunguko 16 kila siku. Piga hesabu: mara 1,728. Mzoefu humaliza mzunguko kwa dakika saba au nane, kwa hiyo ni kama saa mbili kila siku, wengi wao alfajiri. Na Upanishad moja ndogo, yaani andiko takatifu la Kihindu, inayoyataja maneno haya, Kali-Santarana, inasema anayeyasoma mara milioni 35 hutakasika hata na dhambi kubwa kabisa. Nilikaa na kikokotoo: kwa mizunguko 16 ni zaidi ya miaka 55. Ila Upanishad hiyo hiyo inasema hakuna kanuni ya kuyasoma, uwe msafi au mchafu, wakati wowote. Udhu hauhitajiki. Na humo, ajabu, mstari wa Hare Rama ndio unaotangulia, Wabengali wameugeuza.

Nikuambie lisilonipendeza. Wapo wanaosoma mbio mpaka husikii neno, unasikia mvumo tu, na wakati huo huo wanaangalia simu. Wenyewe wanalijua hilo, kusoma bila kuhudhurisha moyo wamelihesabu miongoni mwa makosa kumi dhidi ya jina. Kosa jingine kwenye orodha hiyo limenikaa: kutenda dhambi kwa kutegemea kwamba jina litaifuta.

Namna ya pili ndiyo uliyoisikia kwenye video, kirtan. Mmoja anatanguliza, wote wanaitikia, na ngoma ya udongo yenye pande mbili, upande mdogo unalia juu, mkubwa unanguruma, na matoazi ya shaba. Inaanza taratibu kama watu wasio na haraka ya kwenda popote, halafu inapanda mpaka wanaruka. Vijijini wanafanya ya saa 24 bila kukata, vikundi vinapokezana, maneno yale yale, wanabadilisha mahadhi tu: ya asubuhi, ya jioni, ya usiku wa manane. Na vipaza sauti vimefungwa hadi juu ya minazi. Usiku mmoja sikupata usingizi kabisa, nikakumbuka majirani wa Kikristo walivyotuvumilia miaka yote ile ya maulidi.

Maneno haya yalivyotoka Bengal ni habari fupi. Mzee wa Kolkata, Bhaktivedanta Swami Prabhupada, alipanda meli ya mizigo mwaka 1965, akateremka Marekani akiwa na miaka 69, mwaka uliofuata akasajili jumuiya hiyo ya Hare Krishna New York. Yeye alikuwa akisema kuyataja maneno haya ni kama mtoto anavyomlilia mama yake. Mwaka 1971 alifika Nairobi, na Waafrika wakaimba naye. Hekalu lao liko Ngara mpaka sasa.

Lakini usiende dukani kwa yule mama wa vitambaa ukamwimbia Hare Krishna ukadhani umemfurahisha. Wagujarati wengi wa kwetu pwani wana njia nyingine, ya Vallabha, mwalimu aliyeishi zama moja na Chaitanya. Salamu yao ni Jai Shri Krishna, na maneno yao ni Shri Krishna sharanam mama, Krishna ndiye kimbilio langu. Msalimu hivyo, halafu muulize kama ndivyo wasemavyo nyumbani kwao au wana mengine. Niletee jibu, na uniulizie pia bei ya katani safari hii, mwalimu wangu ananisumbua.

Wako,
Somo