Idadi ya watu isiwanyime wanakijiji wa India barabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vijiji vya India. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, ulioanzishwa mwaka 2000, ulilenga makazi ya tambarare yenye watu 500 au zaidi na ya milimani au jangwani yenye watu 250, na awamu ya nne, iliyoidhinishwa 2024, bado inategemea sensa ya 2011.

Kijiji cha tambarare chenye watu 480 kinaweza kubaki na njia ya vumbi, ambayo mvua za monsuni huigeuza tope, hata mgonjwa abebwe kwenye kitanda cha kamba hadi inakopita basi. Huo ni uonevu. Naiomba serikali ya India ipunguze kiwango hicho.

Msomaji wako,
Tanga