Ukuta wa zidaka uuache

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Pesa za fundi wa kuitengeneza upya nyumba yetu zimefika, na picha za sebule uliyoipenda huko Nairobi nimeziona: jipsamu juu, vigae vinavyong'aa chini. Nakuelewa. Tangu udogoni ulikuwa ukilalamika kwamba vyumba vyetu hapa Lamu ni kama vichochoro, virefu na vyembamba. Ni boriti za dari, mwanangu. Boriti ya mkoko ikizidi mita 3 hivi hulegea chini ya mzigo wa mawe na chokaa, basi upana wa chumba huamuliwa mkokoni, kabla mwashi hajashika mwiko. Nyumba kongwe za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba vivyo hivyo, maana boriti zilipelekwa na majahazi kutoka pwani yetu, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Vigae weka jikoni, sina ubishi. Lakini ukutani nakuomba usitie saruji. Jiwe la tumbawe lina vitundu. Hunywa unyevu wa masika pamoja na chumvi, na chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Ndiyo sababu ukitoka juani adhuhuri ukaingia kwetu, mwili hupoa na sauti yako mwenyewe hushuka bila kuambiwa. Ukiziba kwa saruji, maji hukwama nyuma yake, chumvi huganda ikasukuma, na plasta hubanduka na jiwe lake. Jirani yetu alifanya hivyo. Chumba chake sasa kinanuka ukungu, na wanawe wanalala barazani.

Fundi wako anataka pia kuziba zidaka za chumba cha ndani, vile vishubaka vya ukutani, ili ukuta uwe sawa. Hilo limeniuma. Usiku uliozaliwa nililala nikizitazama. Taa ya mafuta ilikuwa chini, mwanga ukiingia kidaka hiki ukitoka kile, na ukuta ule mnene ukawa kama hauna mwisho. Nilikuwa na uchungu, nikazihesabu mpaka ukalia.

Basi mwambie asubiri. Chokaa nimekwisha iroweka pipani. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Njoo wakati wa Maulidi, nawe utie mkono.

Mamako