Vitabu vya nyuki viwafikie na watoto

Mhariri, kuhusu habari yenu ya Siku ya Nyuki Duniani, ile ya Mei 20, mmeongelea sana mizinga na bei ya asali ila vitabu hamkuvigusa kabisa. Vingi ninavyokutana navyo vya Kiswahili ni miongozo ya mabwana nyuki, yaani maafisa ufugaji nyuki, vipimo vya mzinga kurasa nzima, picha za fotokopi hata malkia humjui ni yupi, sasa mtoto wa la tatu asome nini hapo?

Na watoto ndo wanapenda haya mambo jamani. Mwambie mtoto kwamba nyuki kibarua, yule mfanyakazi wa mzinga, anatumia siku 21 toka yai mpaka nyuki kamili ila malkia 16 tu, kisa akiwa buu analishwa maziwa ya nyuki, ule ute mweupe wanaoutoa vibarua, mpaka mwisho, uone maswali. Halafu kuna wazee wa Sikonge, kule mkoani Tabora, wanaojua kutengeneza mizinga ya magome na kuitundika juu ya miti, ujuzi wao nao uandikwe wakiwa bado wapo.

Ombi langu, chuo cha ufugaji nyuki pale Tabora wakae na wachapishaji watoe kitabu cha picha za rangi, herufi kubwa ili hata bibi asome, na nyie anzeni na ukurasa wa watoto Jumapili.