Vistari vitatu visivyo kwenye mwongozo

Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia ya Alhamisi iliyopita iliwagombeza vijana wanaouliza kabla ya kusoma mwongozo wa amri za kompyuta. Sina ugomvi na mwandishi. Hata mimi huwaambia vijana wangu hivyo hivyo: andika man, kisha jina la amri, usome. Lakini naomba nafasi nieleze usiku wangu mmoja na tail, amri inayoonyesha mistari ya mwisho ya faili, maana nilisoma na bado nikakwama.

Natunza seva ya duka la jumla la dawa hapa Tanga. Jioni nikiwa nyumbani huchukua intaneti ya simu, nikaingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuendesha kompyuta iliyo mbali, na kuiacha tail -f, yaani tail inayoendelea kufuatilia faili, inionyeshe logi (kumbukumbu) ya mauzo. Kila risiti inayokatwa huleta mstari wake papo hapo, mmoja mmoja, na kila mmoja unadokoa bando. Nikataka ije kwa mafungu, kila baada ya nusu dakika. Mwongozo unasema sekunde za kupumzika kati ya ukaguzi mmoja wa faili na mwingine hupangwa kwa chaguo la -s. Nikaandika tail -f -s 30. Mistari ikaendelea kudondoka vilevile, kana kwamba sikusema kitu.

Nikarudi kusoma, safari hii polepole. Maelezo ya -s yana kipande cha pili, ambacho nakiri nilikiruka, kinachotaja inotify. Hiyo ni huduma ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inayoipigia tail hodi mara faili linapobadilika, kwa hiyo tail haina haja ya kulala na kuamka kukagua. Tail inaitumia tangu toleo la 7.5 la coreutils, kifurushi cha amri za msingi ilimo tail, mwaka 2009. Sawa, nimeelewa; sasa naizimaje? Hapo ukurasa ukanyamaza. Nikafungua na mwongozo mrefu wa info: kimya.

Jibu nililipata kwenye msimbo wenyewe wa programu, faili la tail.c, saa sita na nusu usiku. Chaguo lipo! Linaitwa ---disable-inotify, kwa vistari vitatu, si viwili kama ndugu zake, na pembeni yake waandishi wameacha agizo la Kiingereza kwamba lisiwekwe kwenye mwongozo. Nililijaribu, risiti zikaanza kuja kwa mafungu.

Najua hoja ya watengenezaji. Wao hulitumia katika majaribio yao, na jambo likishatangazwa kwenye mwongozo ni vigumu kuliondoa bila watu kulalamika. Haya, basi waandike hivyo hivyo: hili ni la majaribio, huenda likaondolewa. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kompyuta ambao Linux iliuiga, wa Novemba 1971, ulikuwa na sehemu ya kutaja kasoro za amri bila kuona haya. Na kama hawakutaka niizime inotify, kwa nini walinitajia jina lake?

Ukurasa ule nimeuchapisha na kuubandika ukutani karibu na seva. Chini ya -s nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu ya bluu, vistari vyote vitatu nimevikoleza, maana kijana wangu wa kazi alipounakili mara ya kwanza aliandika viwili akidhani mkono wangu uliteleza.

Fundi wa seva,
Tanga