Windsor mmeiandika nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu ile makala yenu ya kutembelea Windsor, ule mji wa Uingereza wenye kasri la kifalme. Sina ugomvi na mwandishi, kaandika vizuri, kasri kalieleza, mto Thames na wale bata maji weupe kawaeleza, na harusi ya Harry na Meghan ya 2018 ndo kaimaliza kabisa. Ila Mwafrika akisoma ile makala mpaka mwisho anaweza kudhani pale hakuna kinachomhusu zaidi ya selfi ya getini, na kiukweli ndivyo wengi wetu tunavyofanya, unashuka treni kutoka London, unapanda kile kilima, unapiga picha na askari mwenye likofia la manyoya, unazunguka madukani, jioni umeshaposti na umeondoka.

Mi nasema hivi, ukifika Windsor ingia kanisani. Kanisa la St George's liko humohumo ndani ya kasri, Edward wa Nne alianza kulijenga 1475 na likaja kuisha 1528 enzi za Henry wa Nane, yule wa wake sita, ambaye naye kalala chini ya sakafu pamoja na mkewe wa tatu Jane Seymour na watu wanapita juu yake hawana habari. Malkia Elizabeth yupo humo na mumewe na wazazi wake, huyu si ndo alirithi kiti akiwa Kenya 1952 baba yake alipofariki usingizini. Watalii wote wanaelekea kwake, wananong'ona, wanasogea.

Sasa kuna mwenzetu mmoja pale hana foleni. Mwanamfalme Alemayehu, mtoto wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Waingereza walipoivamia ngome ya Maqdala 1868 baba mtu alijiua asikamatwe, wao wakazoa mali, miswada ya kale, mpaka mataji, na mtoto wa miaka 7 wakaondoka naye. Mama yake alifia njiani kabla hata hawajafika pwani. Malkia Victoria akampenda yule mtoto, akasomeshwa shule ya Rugby, halafu chuo cha jeshi Sandhurst ambako hakuwa na raha hata kidogo, akaja kufa Leeds 1879 kwa ugonjwa wa mapafu, ana miaka 18 tu! Ni Victoria mwenyewe aliyetaka azikwe Windsor. Kaburini huwezi kuingia, ni vyumba vya chini ya ardhi nje ya kanisa, lakini ndani kuna kibao cha shaba chenye jina lake na yale maneno ya Injili ya Mathayo, nalikuwa mgeni mkanikaribisha. Yaani nilisimama pale nikayasoma mara mbili. Mtu umemtoa kwao mwenyewe halafu unaandika ulimkaribisha?

Ethiopia wameomba mabaki yake yarudishwe kwao miaka na miaka, Rais wao Girma aliomba rasmi 2007, na 2023 kasri la Buckingham, yaani ofisi ya mfalme, ikajibu haiwezekani kumtoa bila kuwasumbua wengine wengi waliozikwa naye. Mnaweza kulikubali jibu hilo au mkalikataa, mimi silikubali, ila angalau tujue kuna jambo la kubishania.

Na makala haikusema Jumanne na Jumatano kasri huwa limefungwa, mtu atafunga safari bure. Jumapili kasri wanafungua ila kanisani watalii hawaingii, wanaoingia ni wa ibada, na ibada hailipiwi hata senti. Kupiga picha humo ndani marufuku kwahiyo kibao kisome kwa macho. Ukitoka vuka daraja la Thames kwa miguu uingie mji wa Eton, magari yalizuiwa darajani tangu 1970, na ile shule ya Eton aliyoianzisha Mfalme Henry wa Sita 1440 utaiona, mawaziri wakuu kibao wametokea humo.

Basi mkiirudia ile makala naomba aya moja tu ya Alemayehu, na picha yake pia, zipo alizopigwa hukohuko Uingereza mwaka uleule aliofika. Nafasi haiwezi kukosekana, punguzeni kidogo gauni la Meghan.

Msomaji wenu wa siku nyingi